Bustani Isiyovuja

Mawese yakipashwa moto kwenye kopo, kabla hayajaanza kutoa moshi, hutoa harufu nzito na tamu ambayo kwa watu wengi wa Kigoma ni harufu ya chakula. Kwangu mimi ni harufu ya mbao. Baba yangu alikuwa fundi wa maboti pale Kibirizi, na mwaka nilipokuwa darasa la nne aliziacha kazi za watu kwa wiki mbili nzima, akawa anapigilia misumari uani kwetu Katubuka, kopo la mawese likiwa juu ya mafiga pembeni yake na pamba imelowekwa humo mpaka imegeuka rangi ya chungwa. Sare zangu za shule zilinuka mawese, madaftari yalinuka mawese, na hata uji wa asubuhi tuliunywa na harufu hiyohiyo puani. Majirani walichungulia juu ya ua wa matete wakauliza ni boti gani hilo linaloundwa mbali hivyo na ziwa. Baba aliwajibu bila kuinua kichwa kwamba haundi boti, anaunda shamba.

Shamba lenyewe lilikuwa la Bibi, mama yake mzazi. Bibi aliishi Mwamgongo, kijiji cha wavuvi huko kaskazini ambako watu hufika kwa boti, na alilima kwenye mteremko ulio juu ya kijiji, mkali kiasi kwamba mwenye kupalilia huegemea mlima kwa bega moja. Mwaka huo aliteleza akiwa na kikapu cha mihogo mgongoni, akaumia nyonga. Baba akamfuata, na kesho yake akarudi naye amelazwa juu ya magunia ya dagaa, amekasirika. Nakumbuka hasira yake kuliko maumivu yake. Daktari alisema atatembea kwa fimbo, lakini asiiname tena, na Bibi akamtazama daktari yule kwa jinsi unavyomtazama mtu anayekwambia usipumue. Babu alikwisha kufariki zamani, na Baba alikuwa mtoto wake pekee aliyebaki, kwa hiyo ikaamuliwa kwamba atakaa kwetu.

Ikaamuliwa, nasema, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Bibi alipewa kitanda changu, nami nikatandikiwa mkeka chini yake, na kwangu ile ilikuwa kama sikukuu. Nilikuwa mtoto wa pekee katika nyumba ya watu wenye kazi nyingi. Bibi alikuwa mtu wa kwanza kunisikiliza bila kufanya kitu kingine. Nilimweleza habari za shule, za rafiki zangu, za mwalimu aliyekuwa akisinzia, naye alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza swali lililoonyesha kwamba alikuwa amesikia. Baada ya juma moja tu nilimpenda kiasi cha kuogopa.

Shida ilikuwa mezani. Mama yangu ni mzaliwa wa Ujiji, mtoto wa mjini, mpishi hodari ambaye hakuwahi kushika jembe. Mboga alinunua sokoni kama kila mtu mtaani kwetu. Bibi hakusema hata siku moja kwamba chakula ni kibaya. Aliuliza tu, kila siku, kwa upole wa kuudhi, "Hii imelimwa na nani?" Mama naye, ambaye angejuaje, alijibu, "Ya sokoni, mama." Bibi alimega ugali mara mbili tatu, kisha akaisukuma sahani pembeni, polepole, kama anayeogopa kumwamsha mtu. Akaanza kukonda. Ndipo siku moja baada ya chakula cha mchana akamwambia Baba mbele yetu sote, kwa Kiswahili chake chenye lafudhi ya Kiha, "Nikila mboga niliyoipanda kwa mkono wangu kabla mvua hazijaisha, nitakaa hapa kwako. Nisipokula, unirudishe kwangu na mguu wangu huu huu. Nitalima nimekaa chini."

Baba hakubishana. Alikuwa mtu wa vipimo, si wa maneno. Kama mama yake haruhusiwi kuinama, basi shamba lenyewe liinuke. Kesho yake alimsimamisha Bibi mlangoni, akampima kwa kamba kutoka ardhini mpaka kwenye kiwiko, na Bibi huku ameshika mwimo wa mlango akauliza kama anapimiwa jeneza. "Jeneza hupimwa mtu amelala, mama," Baba akasema, na hilo ndilo lililokuwa karibu zaidi na mzaha kuwahi kutoka kinywani mwake. Kisha akaleta kwa mkokoteni mbao za boti kuukuu lililokuwa likiozea ufukweni, akazichagua zile nzima, akazipiga randa, akaanza kuunda masanduku matatu marefu yenye miguu, kila moja likimfikia Bibi kiunoni. Sehemu pekee ya uwanja iliyopata jua la kutosha ilikuwa pale Mama alipoanikia nguo. Mama alifungua kamba zake mwenyewe, akazikunja, akaingia nazo ndani.

Sasa, fundi wa maboti ana dini moja tu, nayo ni kuzuia maji. Baba alikuwa akisifiwa Kibirizi yote kwamba boti lake halivuji, na hakuona sababu ya kuchafua jina lake kwa ajili ya mchicha. Kila palipokutana mbao mbili alipakalafati, yaani aliishindilia pamba katikati kwa patasi butu na nyundo, taratibu, inchi kwa inchi. Kwa maboti alitumia pia lami, lakini humu kitaota chakula, akasema, kwa hiyo akatumia mawese peke yake. Masanduku yalipokamilika aliyajaza maji mpaka juu, akayaacha kutwa nzima. Jioni alituita. Akachuchumaa, akapitisha kiganja chini ya kila sanduku, akatuonyesha. Hakukuwa na hata tone. Mama akapiga makofi, mimi nikapiga makofi, na Bibi akakubali kwa kichwa kwamba mwanawe anaijua kazi. Watu wanne wazima wa akili tulisimama pale tukishangilia, na hakuna hata mmoja aliyejiuliza maji ya mvua yakiingia yatatokea wapi.

Tukamwaga maji, tukajaza udongo wa bondeni, samadi ya mbuzi na vumbi la dagaa lililofagiwa mahali wanawake wanapoanikia, ambalo liliwaleta paka wa mtaa mzima. Bibi akapanda lengalenga, yaani mchicha, pamoja na mgagani na nyanya chungu, mbegu zilizotoka kwao zikiwa zimefungwa kwenye kona ya kanga. Mama aliomba pembe moja tu ya sanduku la tatu kwa ajili ya mrehani, akapewa. Siku ya tano nikaamka nikamsikia Bibi uani akisema "Mwakeye, mwakeye," salamu ya asubuhi ya kwao, na nilipotoka nikakuta anaamkiana na vijani vyembamba vya kijani, mstari kwa mstari, amesimama wima kama mama mwenye duka nyuma ya meza yake. Mchana ule alikula sahani nzima ya mboga za sokoni bila kuuliza zimelimwa na nani.

Kisha mvua zenyewe zikaanza, zile za Kigoma zinazotoka upande wa Kongo na kulivuka ziwa zikiwa zimekwisha kasirika. Ndani ya siku kumi vijani vikawa njano, vikalala, vikaoza. Bibi akapanda tena. Vikaota, vikawa njano, vikalala. Udongo ulikuwa mweusi na laini kama uji, ukinuka yai bovu. Mrehani wa Mama nao ukafa. Baba akasema ni mbegu, Mama akasema labda ni vumbi la dagaa, lakini Bibi alikuwa na jibu lake. Alikaa kitandani, akaigeuza mikono yake na kuitazama. "Mkono wangu umekufa," akaniambia. "Mlimani ulikuwa hai. Hapa umekufa." Hakulia. Alianza kukunja kanga zake moja moja na kuzifunga kwenye shuka langu, akamwambia Baba amtafutie nafasi kwenye boti la Jumamosi. Baba akajibu, "Sawa, mama," kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, na mimi nilikwenda nyuma ya choo nikalia mpaka kwikwi zikanishika.

Alhamisi ile, mvua ilipokatika, niliwaona kuku. Uwanja mzima ulikuwa matope, lakini wao walikuwa chini ya masanduku ya Baba, wanaoga vumbi. Vumbi kavu kabisa. Nilisimama nikawatazama kwa muda, nikihisi kuna kitu hapa lakini sikipati, halafu nikakipata chote kwa mkupuo. Nikamkimbilia Baba alipofika, nikamwambia mboga zinazama, hakuna pa kutokea maji, masanduku yatobolewe. Akanitazama kama niliyemtusi. "Zaituni, tangu lini chombo kizuri kikatobolewa makusudi?" Akaingia ndani. Alikuwa amechoka, na mama yake alikuwa anaondoka, na mimi nilikuwa mtoto wa miaka kumi nikimwambia kwamba kosa liko kwenye kitu pekee alichokuwa na uhakika nacho.

Ijumaa alipokwenda Kibirizi niliichukua keke yake, ile ya kuzungusha kwa mkono, nikaingia kwa magoti chini ya sanduku la kwanza na kuanza kutoboa. Mbao ya boti ni ngumu. Nilizungusha mpaka mabega yakawaka moto, na unga wa mbao ukawa unanidondokea machoni. Nikasikia fimbo ya Bibi ikija, ko, ko, ko, nikajua nimekwisha. Wakati huohuo keke ikapenya, na maji meusi yenye uvundo yakanimwagikia kichwani. Nilitoka huko chini nikitema mate. Bibi alikuwa amesimama, amekinga kiganja chake chini ya tundu, anayatazama maji yakijaa na kumwagika, kujaa na kumwagika. Halafu akacheka. Alicheka mpaka ikabidi akae juu ya kinu kilichopinduliwa. "Mwanangu kanizamishia mboga," akasema akijifuta machozi. "Kanizamishia nchi kavu!" Kisha akaichukua fimbo yake na kuigonga mbao. "Haya, toboa na hapa." Mama alitoka jikoni, akatuona, akajua yote bila kuambiwa. Alikwenda kusimama getini amtazamie Baba njiani.

Baba alikuta matundu kumi na moja na mtoto mwenye matope mpaka kwenye nyusi. Akachuchumaa. Akaingiza kidole kwenye tundu moja, akakitoa, akakitazama. "Hayajapangwa," akasema mwishowe. "Mtu hatoboi ovyo ovyo hivi." Asubuhi ya Jumamosi, badala ya kumpeleka Bibi kwenye boti, aliupiga mstari kwa kamba na chaki chini ya kila sanduku, akatoboa yaliyobaki kwa safu zilizonyooka. Hakusema kwamba alikosea, si siku ile wala mwaka mwingine wowote. Bibi alisema atasubiri boti la wiki inayofuata, kisha lile la baada yake. Mvua za mwisho zilipokuwa zinadondoka, Mama alipika lengalenga za kwanza kwa mawese na dagaa, Bibi akaikomba sahani kwa kidole, akaingia chumbani, akalifungua lile furushi na kunirudishia shuka langu. Nilidhani nitapasuka kwa furaha.

Aliishi nasi miaka saba. Alilisha nusu ya mtaa kutoka kwenye masanduku yale, amesimama wima. Na kila jioni, katika miaka hiyo yote, Baba alipoingia kutoka kazini Bibi alimwuliza, "Boti la kwetu limekuja? Kule mvua imenyesha?" Baba akajibu, "Imenyesha, mama." Nilidhani ni maongezi tu, kama watu wanavyoulizana habari za kutwa. Tulipompeleka kuzikwa Mwamgongo, jirani yake wa shamba, mama mmoja mwenye mvi, alinishika mkono akanipandisha mlimani. Akaniambia kwamba kila mwezi, kwa mabaharia, Bibi alikuwa akimtumia maagizo: kingo za mawe zisiachwe zianguke, ule mwembe mdogo uzungushiwe miiba, na asiruhusu mtu kujenga, kwa sababu yeye mwenyewe atarudi. Nilisimama kwenye ule mteremko na kuliona ziwa lote, mpaka milima ya ng'ambo. Kwetu, kila alipopalilia, Bibi alikuwa akitazama ukuta wa bafu la jirani. Nilijua wakati ule kwamba tulichokipigania mimi na keke yangu nilikuwa nimekipata mimi. Yeye labda alikipata, labda hakukipata. Sijui. Nililala chini ya kitanda chake miaka saba na sikumwuliza.

Leo naishi Dodoma, na bustani za aina ile zimekuwa za kawaida. Watu wanapanda kwenye magunia, ndoo na matairi, na hata watoto wanaona kwenye simu kwamba chombo cha kupandia hutobolewa kwanza. Baba amefariki. Mama amebaki Katubuka peke yake, na magoti yake yamekataa. Mwaka huu mimi na mume wangu tulikwisha kupanga kila kitu: chumba kimepakwa rangi, matuta mawili ya juu yametengenezwa na fundi wa hapa mtaani, yana matundu, yana udongo, kiti cha bafuni kimenunuliwa, tiketi ya treni imekatwa. Nilimpigia Mama kumweleza tarehe ya safari, naye akajibu, "Sawa, mwanangu," kwa sauti ndogo. Nilikata simu, nikakaa nayo mkononi, nikimkumbuka Bibi. Kisha nikampigia tena. Nikamwuliza, "Mama, wewe mwenyewe unataka kukaa wapi?"

Nikasikia kigoda kikivutwa sakafuni.

"Ngoja kwanza nikae, Zaituni," akasema. "Hilo sijawahi kuulizwa."