Mti Ulionyolewa Upande Mmoja

Asubuhi, kabla jua halijafika vizingitini, mwanamume mmoja anatoka nyumbani kwake kama mwizi. Anapita mlango wa nyuma, anainama chini ya kamba ya nguo, anapenya kichochoro chenye maji ya sabuni, anazunguka nyumba za watu, kisha anatokea kwenye barabara ile ile inayopita mbele ya geti lake. Ng'ambo ya barabara, mkabala kabisa na geti hilo, ndipo kilipo kibanda chake cha kunyolea.

"Angevuka tu angekuwa kazini zamani," anasema fundi baiskeli wa jirani, mswaki mdomoni. "Lakini bwana mkubwa siku hizi anapenda mazoezi."

Huyo ndiye Wembe, kinyozi wa mtaa. Jina alilopewa na wazazi wake analikumbuka mkewe tu, tena wakigombana. Anafungua kufuli, anatundika aproni, anatia mashine mafuta, anafuta kioo. Kioo hicho zamani kilitazama mlango. Sasa kimehamishiwa ukuta wa pembeni, kwa sababu kila alipoinua macho kuangalia kisogo cha mteja, aliuona mti.

Mti wenyewe ni mkaratusi, umesimama uani kwake, karibu na ukuta unaopakana na jirani. Upande wa nyumba yake hauna hata tawi la kutundikia kofia. Upande wa pili umefumuka, matawi mazito yamelala juu ya paa la mwanamke mtu mzima anayeishi peke yake. Ukiutazama kwa mbali utadhani ni mteja aliyekimbia kiti baada ya umeme kukatika.

"Kaka, leo nipunguzie pembeni," anasema mteja wa kwanza, mwalimu wa shule ya msingi, akijiweka sawa kitini. "Pembeni zote mbili lakini. Nasikia umeanzisha staili mpya."

Kibanda kizima kinacheka. Wembe naye anacheka, ila kwa meno tu.

Yeye mwenyewe anaeleza ilivyokuwa huku mashine ikinguruma, macho hayatoki kwenye kichwa cha mwalimu. Jirani wa upande wa pili wa ukuta ni nesi mstaafu, mjane, mtaani wanamwita Bibi Sindano. Hakuna kalio la mtaa ule asilolifahamu. Wembe humwita Shangazi, ingawa hawana damu moja, kwa sababu ndiye aliyempokea mkewe alipofika pale bibi arusi, akamwonyesha kila kitu mpaka duka lisilopunja sukari.

Siku moja mama huyo alimwita ukutani. "Mwanangu, huo mti wako upepo ukivuma unaniongelesha. Hebu uangalie."

Wembe akaazima msumeno, akapanda juu ya paa la nyumba yake mwenyewe na kuanza kazi.

"Nilikata nilikofikia," anasema. "Na mkono wangu ulifika kwangu tu."

Anazima mashine. Anakigeuza kiti taratibu mpaka mwalimu anatazama upande mwingine.

"Unaona? Mimi kichwa kikinishinda huku, nageuza kiti. Miaka yote nafanya kazi hivyo, nimesimama pale pale, kichwa ndicho kinakuja. Nikiwa juu ya paa nilikata, nikakata, nikasubiri ugeuke." Anatikisa kichwa. "Mti haugeuki, ndugu yangu."

Kutoka pale juu aliona jinsi upande wa pili ulivyoning'inia, akaogopa. Akashuka. Kama mambo yangeishia hapo, mtaa ungemcheka wiki moja ukasahau. Lakini Wembe alinawa, akavaa shati, akaenda kwa jirani na kutangaza: "Shangazi, kazi imekwisha. Lala bila wasiwasi."

Mama akamshukuru kwa papai.

"Na nililila," anasema Wembe. Mwalimu alikuwa ameanza kucheka, akaacha.

Kumbe matawi aliyoyaondoa ndiyo yaliyokuwa yakiuvuta mti upande wake na kuupa usawa. Upepo wa kwanza wa maana ulipokuja, mkaratusi ukainamia kwa jirani, na chini, karibu na mizizi, ardhi ikachanika ufa wa kupitisha kiganja. Wembe aliuona asubuhi akiwa na kikombe cha chai mkononi. Alitazama huku na huku, akachota mchanga, akaujaza ule ufa, akaushindilia kwa kandambili.

"Ni kama unapomkata mteja kidogo, ukapaka poda haraka kabla hajaangalia kioo," anasema, sauti yake ikishuka. "Damu iko pale pale. Umemficha yeye tu."

Tangu siku hiyo ndipo alipoanza kupita kichochoroni, kwa kuwa kibaraza cha Bibi Sindano kinatazama geti lake, naye kila asubuhi hukaa pale na redio yake.

Aliyechoka na mchezo huo ni mkewe. "Baba watoto," alimwambia akiwa anamenya viazi, "mimi niliolewa na mwanamume wa mlango wa mbele. Huyu wa kichochoroni simjui." Siku iliyofuata akamleta mkata miti, mtu mwembamba wa mikono mirefu anayejulikana kama Komba.

Komba aliuzunguka mti, akausukuma kwa bega, akapekua ule mchanga kwa ncha ya kiatu. Akaurudishia kwa kisigino. Alisema: "Huu hauangushwi, unateremshwa. Lakini lazima niuone kwa upande wa pili."

"Si unaweza kuchungulia hapa juu ya ukuta?" Wembe akauliza.

"Kaka, mimi si mmbea. Hodi hupigwa mlangoni."

Basi wakaenda, Komba mbele, Wembe nyuma yake kama mtoto anayepelekwa kuchomwa sindano. Bibi Sindano akawakaribisha ndani. Hapo ndipo Wembe alipokiona kitanda.

Kilikuwa sebuleni. Kimebanwa kati ya kabati la vyombo na mlango, chandarua kimefungwa kwenye msumari uliokuwa wa picha ya harusi. Picha yenyewe imeegemezwa chini, marehemu mumewe anatazama miguu ya viti. Kwenye sakafu ya saruji kulikuwa na mikwaruzo miwili, imenyooka, kutoka chumbani mpaka pale. Mama yule alikuwa amekiburuta kitanda peke yake.

Chumba cha kulala, kile kilicho chini ya matawi, kilikuwa kitupu.

"Tangu lini, Shangazi?" Wembe aliuliza.

"Tangu ulipoziba ufa."

"Uliniona?"

"Nilikuwa natupa majani ya chai. Ukuta una tundu, mwanangu."

Wembe anasema alitamani ardhi ichanike tena, imchukue yeye. Aliuliza swali moja tu: kwa nini hakumwambia.

"Ningekwambia nini?" Bibi Sindano alijibu. "Kila asubuhi nakuona unavyopenya kichochoroni na viatu vyako vizuri. Nikajua umeshajisema mwenyewe. Nikaona na mimi nikikusema, utapita wapi?"

Wembe akageukia ukuta. Mama akamshika bega. "Geuka huku. Mimi nimeshakuona pabaya kuliko hapo, tena ulikuwa unalia kwa sindano ndogo tu."

Komba akatoka nje eti kuangalia matawi.

Sasa mipango imeiva. Kibali cha kukata mti kimetoka ofisi ya mtaa, baada ya Wembe kueleza kisa chote mbele ya karani ambaye pia ni mteja wake. Watu wa umeme wamekubali kuzima umeme wa waya unaopita nyuma ya nyumba. Komba atapanda na kamba siku isiyo na upepo, aanze na matawi ya upande wa jirani, kila moja lifungwe kwanza ndipo likatwe, literemshwe polepole uani kwa Wembe. Shina litafuata, kipande kwa kipande kutoka juu. Siku hiyo Bibi Sindano atashinda kwa mke wa Wembe, na redio yake.

Gharama zimemeza akiba ya kiti kipya, kile cha kupanda na kushuka, alichokuwa akikiwekea kidogo kidogo kila alipofunga kibanda. Wembe halalamiki. "Hiki kinageuka," anasema, akikipiga kofi kiti cha zamani. "Kinatosha."

Komba alitaka vijana wake wakirudishe kitanda chumbani mti ukishaondoka. Wembe alikataa katakata.

"Kitanda kile asikiguse mtu. Nitakinyanyua mimi na mke wangu, kisikwaruze tena. Nitaipigilia picha mahali pake. Nikitoka pale nitapita getini kwake, nivuke barabara mchana kweupe, nije kufungua kibanda. Hiyo ndiyo hamu yangu, sina nyingine."

Jioni anafunga. Ng'ambo, Bibi Sindano anafagia majani ya mkaratusi mbele ya geti lake. Ananyoosha mgongo.

"Wembe!"

"Naam, Shangazi."

"Njia imefagiliwa."

Wembe anasimama ukingoni mwa barabara, funguo mkononi. Hakuna gari wala baiskeli inayopita. Fundi baiskeli ameacha spana yake hewani, anasubiri.

"Nipe mpaka kitanda kirudi, Shangazi," anasema Wembe, akiinamisha kichwa, kisha anageuka na kushika njia ya kichochoroni.

"Haya, mwanangu," mama anamwitikia. "Kuna utelezi huko. Angalia viatu."