Nyota Tano za Baba Travis

Lewis Nyongesa alipata nyota yake ya kwanza ya shule akiwa na miaka thelathini na tisa, na aliipata kwa jina la mwanawe.

Ilimfikia kwa simu, Jumanne moja ya mwezi wa tano mwaka wa elfu mbili na ishirini, akiwa ameketi kwenye kigoda nyuma ya nyumba yake mtaani Kaptembwo, Nakuru. Shule zilikuwa zimefungwa tangu Machi kwa sababu ya korona. Kiwanda cha unga alikokuwa akishona magunia kilikuwa kimewapa wafanyakazi likizo bila kuwaambia ingeisha lini. Mkewe, Adero, ndiye aliyetoka alfajiri kwenda kuuza sukuma wiki sokoni, na Lewis akabaki na nyumba, simu na Travis.

Travis alikuwa Gredi ya Nne na hakujua kusoma. Herufi alizijua zote, moja moja, lakini zikikusanyika zikawa sentensi alichanganyikiwa kama mtu aliyeingia harusi ambayo hakualikwa. Siku ya kufunga shule Mwalimu Linah alimwita Lewis kando akamwambia wazi: tukifungua, huyu mtoto awe anaweza kusoma ukurasa mmoja peke yake, la sivyo kila asubuhi atakuwa akisoma na watoto wa Gredi ya Tatu.

Maneno hayo Lewis aliyajua tangu zamani. Yeye mwenyewe alirudishwa darasa mara mbili alipokuwa mdogo kule Kimilili, mpaka akajikuta dawati moja na dadake mdogo, Nerima, ambaye hadi leo hakosi kuwaambia watu matangani kwamba huyu kaka walisoma pamoja. Madaftari yake yote yalirudi na neno moja la wino mwekundu: Jitahidi. Alijitahidi, na neno halikubadilika. Kwa hiyo aliapa kwamba Travis hatapitia hayo. Kiapo kilikuwa cha kweli kabisa. Ni utekelezaji tu uliokuwa na kasoro.

Kazi zilikuja kupitia kikundi cha wazazi cha WhatsApp. Mwalimu Linah alituma swali, mtoto alifanya, mzazi alipiga picha, mwalimu alirudisha maoni na nyota, kuanzia moja hadi tano, kikundi kizima kikiona. Kazi ya kwanza ilikuwa kuchora ramani ya njia ya kutoka nyumbani hadi shuleni. Travis alilamba penseli, akachora mstari, akaufuta, akauchora tena pale pale. Lewis alivumilia dakika kumi na moja.

"Lete nikuonyeshe," akasema, na hapo ndipo alipojimaliza.

Ramani ilitoka safi. Ilikuwa na dira pembeni, barabara kuu, mtaro, kanisa, na baa tatu, maana tangu utu uzima wake Lewis hakuwahi kumwelekeza mtu mahali popote Kaptembwo bila kupitia baa. Akamwita Travis kutoka kwenye mchezo wake wa bano, zile gololi, akamketisha mbele ya karatasi.

"Shika penseli kama mtu anafikiria."

"Nafikiria nini?"

"Fikiria tu."

Picha ikaenda. Baada ya nusu saa jibu likaja: nyota nne, na maneno "Kazi safi, Travis." Lewis aliyasoma mara tatu. Alizima simu, akaiwasha, akayasoma tena. Nisimcheke sana hapo. Mtu aliyenyimwa sifa tangu utotoni akionjeshwa kijiko kimoja ukubwani, usimtarajie aulize ni ya nani.

Tangu siku hiyo ikawa kazi ya kudumu. Aliamka, akanawa uso, akakaa kwenye kigoda. Mwandiko wake wa mkono wa kulia ulikuwa wa mtu mzima mwenye familia, basi akajifunza kuandika kwa kushoto, ulimi ukichungulia nje kidogo, mpaka akapata mwandiko ambao ungeweza kuwa wa mtoto yeyote wa miaka kumi mwenye bidii. Ili asitiliwe shaka alipanda makosa mawili kila ukurasa. Mwalimu Linah aliyaruka hayo mawili akazungushia mengine manne, ambayo Lewis hakuyapanda.

Mwezi wa saba wakaambiwa watengeneze sanamu ya kufukuza ndege shambani. Lewis, fundi wa magunia, alishona gunia lake mishono miwili miwili, akalijaza majani makavu, akaridhika. Kisha kwenye kikundi ikatua picha ya Hanif, baba yake Najwa wa darasa la Travis, fundi cherehani wa Bondeni. Sanamu ya Hanif ilivaa koti lenye bitana, tai, na leso iliyopigwa pasi ikichungulia mfukoni. Ndege mwenye adabu angeipa salamu.

"Najwa amejitahidi peke yake, alhamdulillah," Hanif aliandika.

"Travis pia," Lewis akajibu. "Mimi nilimshikia tu sindano."

Najwa alipata nyota tano, Travis nne. Jioni hiyo Lewis hakuonja chakula. Adero alimtazama akisukuma sahani, akatazama karatasi zilizojaa mezani.

"Baba Travis, hii homework ni ya nani?"

"Ya mtoto."

"Na mtoto ako wapi?"

"Nje."

"Sawa. Basi ukimaliza kusoma, uniitie mwanafunzi akuje akule."

Lewis aliona mkewe haelewi mambo ya elimu.

Nyota tano zilikuja Agosti, kwa insha yenye kichwa "Mnyama Nimpendaye." Lewis aliandika kurasa mbili juu ya ng'ombe wa kwao aliyeitwa Taabu: jinsi alivyomchunga kwenye umande, jinsi alivyomwambia matokeo ya mitihani kabla ya kumwambia mtu yeyote nyumbani, na jinsi Taabu alivyouzwa ili yeye aendelee na shule. Alipofika hapo machozi yalimtoka, akayapangusa kwa mkono wa kulia maana wa kushoto ulikuwa kazini. Travis, aliyezaliwa Nakuru, hajawahi kumgusa ng'ombe. Mwalimu Linah aliandika: "Hongera, Travis. Umeandika kama mtu aliyeyaishi haya." Lewis aliyahifadhi maneno hayo mahali pake maalum kwenye simu.

Na Travis je? Travis alikuwa na likizo njema. Kila alipoitwa kupigwa picha alikuja, akafikiria, akarudi kucheza. Lewis alikuwa na mpango: shule zingefunguliwa Januari, kila mtu alisema hivyo, na kuanzia Novemba angeacha mchezo na kukaa na mtoto kitabuni. Kisha Jumanne moja ya Oktoba redio ya jirani ikatangaza kwamba shule zinafunguliwa Jumatatu ijayo, kwa madarasa matatu tu. Darasa la Nane, Kidato cha Nne, na Gredi ya Nne.

Katika nchi yenye madarasa yote hayo, waliita la Travis. Lewis alishikwa na hofu ya kweli.

Kwa siku sita alimfundisha mtoto kusoma kama mtu anayezima moto. Alimkalisha asubuhi hadi jioni. Alipaza sauti, akaomba msamaha, akapaza tena. Travis alitokwa jasho na kusoma "ba-ba" na "ka-la-mu," na Jumapili aliweza kusoma mistari miwili akiielekeza kwa kidole. Lewis alilala akiomba ukurasa uwe mfupi.

Jumatatu madawati yalikuwa yametolewa nje, yametenganishwa, watoto na barakoa zao. Wazazi walibaki kando ya ua wakijaza fomu za afya. Mwalimu Linah akawakaribisha watoto, akasema wataanza na jambo rahisi: kila mmoja atasoma insha yake mwenyewe, ile iliyopata nyota nyingi. Kazi bora za kikundi alikuwa amezichapisha.

Lewis aliacha kujaza fomu.

Travis alisimama na kurasa mbili mkononi. Alivuta barakoa chini. "M-nya-ma," alisema, "ni-m-pe... ni-m-pe-nda-ye." Wenzake walisubiri. Aliingia mstari wa kwanza, akakwama, akarudi, akakwama tena pale pale. Kidole kilisimama chini ya neno. Kisha akageuka, akamtafuta babake kwa macho kule uani, akamwonyesha karatasi bila wasiwasi wowote, kama alivyokuwa akimwonyesha kila kitu.

"Baba, hapa uliandika nini?"

Hakuna aliyecheka, na Lewis angependa wangecheka. Aliona aibu mpaka masikioni. Kilichomuuma zaidi ni kwamba Travis hakuwa na habari kwamba kuna aibu yoyote. Aliulizia tu, kwa mwenye kazi.

Wakati wa mapumziko Mwalimu Linah alimfuata uani.

"Huyo Taabu, mlimuuza kweli?"

"Tulimuuza," Lewis alisema. "Mwalimu, ulijua lini?"

"Mwezi wa tano. Baba Travis, mtoto wa miaka kumi hachori baa tatu."

"Na mbona ukanyamaza?"

"Nilikuwa na wazazi arobaini na wawili kwenye hiyo group. Kumi na saba ndio walikuwa wananiandikia homework. Nikasema bora hawa wako, kuliko nikose wote." Alikunja karatasi, akampa. "Hapo nilikosea pia. Gredi ya Tatu wenyewe bado wako nyumbani, lakini kesho asubuhi Travis ataanza na vitabu vyao. Na kazi ya nyumbani itaendelea. Wewe kaa hapo karibu, lakini mikono yako ikalie."

Lewis alichukua neno hilo kama lilivyo. Jioni hiyo Travis aliwekewa meza, na Lewis akakaa kando yake akiwa amekalia mikono yote miwili. Kazi ilikuwa insha ile ile. Travis aliandika, akafuta, akaandika. Vidole vya Lewis vilikufa ganzi. Kulipita saa nzima na nusu, ambayo kwake ilikuwa ngumu kuliko zamu yoyote ya kiwandani. Adero alipita na sufuria, akawatazama, akaenda zake jikoni.

Siku ya pili daftari lilirudi. Lilikuwa na mistari mitatu iliyopinda: "Mimi sina ng'ombe. Niko na paka. Paka pia hajui kusoma." Chini yake, kwa wino mwekundu, hakukuwa na nyota. Kulikuwa na neno ambalo Lewis angelitambua hata gizani.

Alilisoma mara tatu. Kisha akapiga picha ukurasa wote, paka na neno jekundu, akaituma kwenye kikundi na kuandika: "Hii ni ya Travis. Zile zingine zilikuwa zangu."

Alama za kuonyesha wamesoma zilijaa, na hakuna aliyeandika kitu. Lewis aliiweka simu kifudifudi, akaanza kumenya viazi, akaigeuza. Baada ya karibu saa moja, Hanif akatuma picha. Ilikuwa sanamu ndogo ya vijiti viwili na fulana iliyochanika, imeegemea ukuta, na chini yake: "Najwa, peke yake. Koti lilikuwa langu."

Picha nyingine ikafuata, ya mzazi ambaye Lewis hakumjua, kisha nyingine. Kufikia chakula cha jioni zilikuwa kumi na moja, yake ikiwemo. Lewis alizihesabu, akazitoa kwenye wale wazazi kumi na saba wa Mwalimu Linah, akajua kwamba mahali fulani mjini Nakuru kuna wazazi sita ambao bado wameshika penseli kwa mkono wa kushoto.