Nilimwita Fundi Mwizi kwa Sababu ya Wufa Nilizojichagulia

Mimi ndiye mwongo wa habari hii. Naanza hapo usije ukanihurumia nikifika mahali nilipotapeliwa. Nilitapeliwa kweli, lakini hilo ndilo dogo.

Kazi yangu ni kununua ndengu, wengine huziita choroko, kwa wakulima na kuziuza kwa jumla. Stoo yangu iko Kiboko, kando ya barabara kuu. Nina spika mbili kubwa nilizonunua mtumba, zile za njia tatu: wufa ya besi chini, spika ya kati inayobeba sauti za watu, na twita ndogo ya sauti nyembamba juu. Siku za soko nilikuwa naziweka mlangoni, na zilileta wateja kuliko mdomo wangu.

Mwaka jana ile sponji inayozunguka wufa ilianza kuoza. Ukiigusa, inabaki kwenye kidole. Besi ikawa inakwaruza. Na binti yangu Ndinda alikuwa karibu kufanyiwa ntheo, siku ambayo wakwe huja na mbuzi na baba wa msichana anataka kuonekana mtu. Nilitaka wasikie muziki wangu kabla hawajaiona nyumba.

Nilizipeleka Makindu kwa fundi mmoja, Mutheu. Ni mwanamke wa miaka thelathini na kitu, kibanda chake kilikuwa nyuma ya steji ya matatu. Redio za mji mzima zilipita mikononi mwake. Alifungua spika, akagongagonga sanduku, akasikiliza.

"Mzee, hizi woofer bado ni mzima," akaniambia. "Ni foam tu imeoza. Wacha nibadilishe hiyo foam, utumie miaka ingine mingi. Hiyo ndio ya mfuko yako."

"Mimi nataka mpya. Nataka yenye sumaku kubwa."

"Kubwa ya nini? Hii box ilitengenezewa hii woofer. Ukiweka kubwa, besi itafunika ile ya kati, hutasikia mtu akiongea. Na uangalie ohms, hiyo namba ya nyuma. Amplifier yako inataka eight. Ukiuziwa four, itachemka."

Aliniambia polepole, kwa heshima, na kila neno nililisikia. Moyoni nikasema, mwanamke anajua nini kuhusu besi. Naona haya kuandika hivyo, lakini ndivyo nilivyofikiri.

Wiki hiyo nilipeleka mzigo Mtito Andei. Nikaingia duka moja lenye wufa za bei ya chini, zimepangwa hadi dari. Sasa, mtu wa ndengu anaamini kitu kimoja, uzito. Gunia jepesi limeliwa na wadudu, gunia zito ni mali. Basi nikatoa mizani yangu ya kuning'iniza, nikaanza kupima wufa moja moja katikati ya duka la mtu. Mwenye duka alicheka kwanza. Halafu akaelewa amepata mjinga wa aina gani.

"Wewe mzee unajua vitu," akasema. "Wengi wanakuja hapa wanaangalia rangi tu."

Nikavimba kichwa. Nikachukua mbili zilizo nzito kuliko zote. Kwa kalamu ya wino mzito nikaandika uzito wa kila moja juu ya raba inayofunika sumaku, nikaweka na sahihi yangu, ili fundi asinibadilishie. Ohms sikuangalia. Hata kuomba ijaribiwe nisikie, sikuomba.

Mutheu alizishika akatikisa kichwa.

"Asi, mzee. Hii ni four. Na hii uzito si ya sumaku, sijui ni ya nini. Niruhusu nitoe hii raba moja tuone."

"Wewe funga tu. Kazi yako ni kufunga."

Akapanua tundu la sanduku kwa msumeno, akafunga. Nilipokuwa naondoka akaniomba nisifungulie sauti sana.

Siku ya ntheo nilifungulia yote. Kilichotoka ni mshindo tu, du, du, du, bila wimbo ndani yake. Msemaji wa wakwe alipopewa maiki, sauti yake ikasikika kama mtu anayeongea ndani ya tangi la maji. Watu wakaanza kutazamana. Nikaongeza sauti nikidhani itasafika. Amplifaya ikachemka, ikanuka, ikazima, na wakwe wangu wakabaki wamesimama na mbuzi wao katika kimya.

Mmoja wao akauliza, "Kwani ni fundi gani alikufanyia hivi?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema ni mimi. Nikasema, "Ni huyo mama wa Makindu, Mutheu. Nilimpelekea woofer original, akatoa zangu akaniwekea takataka. Ni mwizi."

Neno hilo lilitoka mdomoni laini sana. Wageni wakanipa pole, wakamtukana, na aibu yangu yote ikahama ikaenda kukaa kwake. Nilisikia raha. Kabla wageni hawajaondoka nilikuwa nimeshatuma sauti kwenye group ya WhatsApp ya wafanyabiashara, Kiboko mpaka Makindu, nikamtaja kwa jina.

Jumatatu nilizifungua zile wufa kwenye masanduku nikaenda nazo nyuma ya stoo. Raba ilikuwa na mwandiko wangu, na gundi yake haijaguswa popote. Nikaikata kwa kisu. Ndani kulikuwa na kisumaku chembamba kama biskuti. Kote kulikokizunguka ni saruji. Saruji kavu, imejazwa vizuri na kulainishwa. Nikaichukua wufa yote, pamoja na raba yake iliyokatwa, nikaiweka kwenye mizani, nikapata uzito ule ule niliouandika kwa mkono wangu. Hakuna mtu aliyenibadilishia kitu. Nilikuwa nimechagua saruji dukani, na kati ya wufa zote nikachagua zile zenye saruji nyingi zaidi.

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni, ameona.

"Sasa uambie watu," akasema.

"Nitaambia."

Nikazificha chini ya magunia mawili ya ndengu.

Siku ya soko Mutheu akaja stoo. Wakulima walikuwa wamejaa wakingoja kupimiwa. Alikuwa na bisibisi mkononi na hakupaza sauti.

"Baba Ndinda, leta hizo woofer nifungue hapa mbele ya watu. Kama ni mimi nilibadilisha, wanipeleke polisi."

"Nilishatupa," nikasema.

"Ulitupa wapi?"

"Nilitupa."

Zilikuwa hatua tatu nyuma yangu. Mke wangu alikuwa anashona mdomo wa gunia moja kati ya yale mawili yaliyozifunika, na hakuinua kichwa. Mutheu akawatazama watu mmoja mmoja. Mkulima mmoja akacheka, na mimi nikacheka naye. Mutheu akaweka bisibisi mfukoni akaenda.

Kicheko hicho ndicho kinachonitapisha mpaka leo. Uongo wa siku ya ntheo ningeweza kusema ulinitoka kwa aibu. Lakini siku ya soko nilikuwa najua. Nilimwona mtu amekuja kujisafisha mbele ya watu, nikamnyima maji, halafu nikamcheka. Nikijiona kwenye kioo nikinyoa, natamani kutema mate. Wakati mwingine natema kweli.

Watu walimwendea kuchukua redio zao, hata ambazo hazijaguswa. Kanisa likachukua amplifaya ambayo lilikuwa limempa atengeneze. Mvua zilipoanza, kibanda kilikuwa na mtu mwingine anayekaanga viazi. Nyumbani kwangu mke wangu alisema mara moja tu, "Nitakaa na wewe, lakini usilete tena neno mwizi kwa hii nyumba," na tangu hapo huniwekea chakula kisha akaenda kula jikoni. Na wakwe wangu, kila wakija, wananiuliza kama yule mwizi wa Makindu alishikwa. Ndinda mwenyewe huwasimulia upya, kwa vituko, na mimi nakaa hapo nacheka na binti yangu juu ya uongo wangu.

Miezi miwili iliyopita nilimkuta Mutheu huko Mtito Andei, kwenye hoteli moja malori yanapoegeshwa. Anaosha sufuria na kupeleka chai. Aliniletea kikombe kabla hajanitambua. Nikamwambia yote, saruji, mizani, magunia, yote. Alikuwa anapangusa meza, na hakuacha kupangusa.

"Hiyo nilijua," akasema. "Nilibonyeza hiyo raba na kidole siku ile. Sasa unaniambia mimi ya nini? Mimi ndio nilikuwa nafikiria niliiba? Enda uambie wale uliambia."

"Nisamehe kwanza."

"Kunywa chai, baba Ndinda. Itapoa."

Akarudi kwa sufuria zake.

Tangu siku hiyo nimefungua ile group mara nyingi. Naandika mistari miwili, nafuta. Najiambia mavuno yakiisha. Najiambia Ndinda akijifungua, wakwe watakuwa na furaha na hawatajali. Mimi ni mtu ovyo, na ninajijua.

Wewe unayetaka wufa mpya na mfuko ni mwembamba, tazama ukubwa wa sanduku lako, tazama ohms, msikilize fundi, na ile ya zamani itengeneze kama bado inatengenezeka. Hayo ni rahisi. Lakini ukimchafua mtu mbele ya watu, msafishe mbele ya watu hao hao, siku hiyo hiyo, kabla uongo haujazoea kukaa nyumbani kwako. Usifanye nilivyofanya, na usifanye ninavyofanya hapa sasa.

Kwa maana Ndinda si jina la binti yangu, na Mutheu si jina la yule fundi. Nimelibadilisha kana kwamba namlinda. Jina lake la kweli bado liko kwenye group, kwa sauti yangu, pamoja na neno mwizi. Hapa, mahali pekee ninaposema hakuiba, nimelificha, kwa sababu ningelitaja lake mngejua na langu.