Namalizia Diploma ya Dada Yangu Aliyefariki

Habari zenu wanafamilia wa ukurasa huu. Mimi ni binti wa miaka kumi na minane, Mtanzania, naishi na mama yangu Langley Park, Maryland. Nilikuja huku mdogo, ila si mdogo wa kusahau Kiswahili, kwa hiyo mkinisema nitaelewa kila neno. Naomba tu msimtukane mama yangu.

Nasoma sekondari iliyounganishwa na chuo. Miaka ya mwanzo unasoma na wenzako wa rika lako, halafu miwili ya mwisho unapelekwa chuoni kabisa, unakaa darasa moja na watu wazima wenye watoto wao, wengine wamekuja na sare za kazini. Ukimaliza unapata cheti cha sekondari na diploma ya chuo kwa mpigo. Mzazi mwenye mtoto shule hiyo anatembea kifua mbele kanisani, na mama yangu alikuwa hivyo. Ila hakuwa anajivunia mimi. Alikuwa anajivunia dada yangu, Upendo.

Upendo alikuwa na selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Alikuwa ndiyo ameanza chuoni, anasoma masomo ya kumpeleka kwenye uuguzi. Aliumwa wakati wa mitihani, akalazwa, hakurudi. Mimi nilikuwa darasa la nane, nimeshapata nafasi shule hiyohiyo. Tulipotoka kuzika, mama alinishika mkono akaniambia, "Mwanangu, utammalizia mwenzio." Nilikuwa nalia, nikasema ndiyo mama. Nani angesema hapana pale?

Sikujua kwamba anamaanisha kweli. Nilipofika chuoni, masomo yangu yakawa yaleyale ya Upendo: biolojia, anatomia, kemia. Mama alisimamia mwenyewe. Hata koti la maabara ninalovaa ni la dada. Mama amekataa kuninunulia lingine, na mikono inanipita mpaka kwenye vidole maana dada alikuwa mrefu. Siku ya kwanza, mama mmoja anayetunza vifaa vya maabara aliniona mlangoni akaganda. Baadaye akaniambia taratibu kwamba alidhani ni Upendo. Tangu siku hiyo, nikiwa peke yangu kwenye ile korido, nasikia kama kuna mtu anatembea nyuma yangu, anasubiri nimpishe. Cheka ukitaka. Mimi nasali, sina mambo ya mizimu, ila ile korido naipita mbio.

Nyumbani ndiyo balaa. Mama anatunza wazee, akirudi kutoka kazini anauliza, "Upendo, umekula?" Zamani alikuwa anajisahihisha, anasema samahani mwanangu. Siku hizi hajisahihishi, na mimi nimeacha kumkumbusha, kwa sababu nikimkumbusha anakwenda kujifungia chumbani. Juzi aliita jina la dada, nikaitika "Abee mama" bila hata kufikiri. Nilibaki jikoni na mwiko mkononi, najiogopa mwenyewe.

Chuo kizima nimejichagulia somo moja tu, la kutengeneza ramani kwa kompyuta. Jamani, nalipenda lile somo! Basi letu likizungushwa kwa sababu ya ujenzi wa reli, abiria wote wananuna, mimi nimebandika uso dirishani naichora njia mpya kichwani. Mwalimu alinisaidia kuomba chuo kikuu ili niendelee nalo, na nimekubaliwa. Uuguzi nao nimekubaliwa, huo mama ndiye aliyenikalia kooni mpaka nikaomba. Natakiwa nichague kabla ya mahafali. Mama anajua kuhusu uuguzi tu.

Sasa Jumapili iliyopita baada ya ibada, mama alikuwa na mgeni, dada mmoja Mkenya anayefanya naye kazi. Alisikia watu wakimwita mama jina la mtoto wake wa kwanza kama ilivyo kwetu, akamuuliza, "Mama Upendo, kwani uko na watoto wangapi?"

Mama akanivuta karibu. "Ninaye huyuhuyu mmoja. Ndiye Upendo wangu, anagraduate mwezi ujao, anakwenda kusomea unesi."

"Aki Mungu ni mwema! Hongera Upendo!"

Nilimwangalia mama nikidhani atarekebisha. Hakurekebisha. Alikuwa na furaha ambayo sijaiona tangu tuzike. Basi nikasema, "Shikamoo aunty, asante." Watu wazima wa kanisani waliokuwa pale, wanaonijua tangu nafika nchi hii, wakatazama chini. Iliniuma kuliko maneno ya mama.

Kwenye gari nilijikaza. Nikamwambia, "Mama, dada alishafariki."

Hakukasirika. Aliendelea kuendesha huku anatazama mbele, akasema, "Najua. Unadhani mimi chizi? Nilimzika mimi. Niachie tu mpaka avae lile joho. Akishavaa, nitapumzika."

Joho lenyewe linaning'inia nyuma ya mlango wa chumba chetu, chumba nilichokuwa nalala na Upendo, na kila nikifungua mlango linasogea.

Kinachonitisha ni kwamba hatapumzika. Baada ya joho itakuwa sare ya unesi, baada ya sare atataka kuona harusi ya Upendo, wajukuu wa Upendo. Nikimwambia kwamba nakwenda kusoma ramani, atazika mara ya pili, na safari hii mimi ndiye nitakuwa nimemuua. Nikikaa kimya, sijui mimi nitaishi lini. Na ninampenda mama, hilo mlielewe. Sina mwingine.

Nishaurini ndugu zangu, nifanyeje? Nimwambie kabla ya mahafali, au nimpe hiyo siku moja? Admin, majina mengine yote badilisha, ila langu niachie, wako wengi wanaoitwa hivi. Naitwa Rehema. Mtakaonijibu, naomba mnitaje kwa jina.