Phelista Amelipiwa

Phelista Nakhumicha alitia sahihi kwamba hatasema. Mimi sikutia sahihi popote, kwa hiyo nasema.

Naitwa Mwihaki. Nashona nguo Matisi, hapa Kitale, kwenye kibanda kinachopakana na chumba alichopanga Phelista. Wengi huniita Mama Kui, kwa jina la binti yangu. Wengine huniita Mdomo, na hao sihitaji kukueleza jina wamelitoa wapi. Zamani nilidhani Phelista angekuwa na mdomo kama wangu mambo yangemwendea vingine. Sasa najua mdomo wangu pia usingemfaa kitu, na hilo ndilo linaloniuma.

Alitoka kwao Bungoma, upande wa Kimilili, akaja kutafuta kibarua kwenye kampuni moja ya mbegu. Jina la kampuni nitaliacha. Kazi yake ilikuwa mezani. Wanawake husimama pande mbili za meza ndefu, mahindi ya mbegu yanapita mbele yao, nao wanaokota yaliyooza na yaliyovunjika. Kazi ya kuvunja mgongo, lakini Phelista aliipenda, usiniulize kwa nini. Alikuwa akirudi jioni na vumbi la mahindi kwenye nyusi, ananiambia leo wameimba wimbo gani. Pale mezani waliimba nyimbo za kanisa kutwa, na aliyekuwa akianzisha ni yeye.

Kisha akaletwa msimamizi mpya wa stoo, Hesbon Mukhwana. Mtu wa Bungoma kama Phelista, ana mke na watoto, mzee wa kanisa, sauti ya upole kama ya mtu anayembembeleza mgonjwa. Kila msimu ulipokwisha vibarua waliandikwa upya, na aliyekuwa akiamua nani aandikwe ni yeye. Akaanza kumwita Phelista stoo, ati aangalie magunia. Magunia hayakuwa na shida yoyote. Kulikuwa na mkono kiunoni, maneno sikioni, ahadi ya kazi ya kudumu, na Phelista alipokataa, vitisho. Siku moja alimbana nyuma ya magunia akamrarua blauzi. Blauzi ile niliishona mimi, kwa hiyo mtu asije akaniambia mshono uliachia wenyewe. Phelista alipiga mayowe. Jentrix, aliyekuwa akisimama naye mezani, akaja mbio na wenzake wawili, wakamkuta Mukhwana bado ameshika kola.

Phelista alilalamika ofisini. Ofisi ikasema italiangalia jambo hilo. Ikaliangalia kweli: ikamtoa mezani, ikampeleka nje kubeba na kuanika juani, na msimu ulipokwisha jina lake halikusomwa. Mukhwana alibaki stoo na sauti yake ya upole.

Ndipo tukaenda kwa wakili Chepkemei, mwanamke kijana mwenye ofisi juu ya duka la dawa za mifugo. Nilimsindikiza, maana peke yake asingefika. Wakili alisikiliza yote, kisha akamuuliza anataka nini hasa. Nilijua atasema pesa, au kazi, maana mimi ningesema vyote viwili na cha juu.

"Nataka aseme alinikosea," Phelista akasema. "Aseme mbele ya wamama wa meza. Hiyo tu."

Chepkemei akaweka kalamu chini. "Hiyo ndiyo ngumu kuliko zote, dada yangu."

Kesi ikafunguliwa, dhidi ya kampuni na dhidi ya Mukhwana. Jentrix na wale wenzake wawili wakakubali kutoa ushahidi, na kukubali kwao hakukuwa jambo dogo, maana walikuwa bado wanakula mkate wa kampuni ile ile. Kampuni ikaona mambo yanawaka. Ikamtuma wakili wake kwa Chepkemei: tumalizane nje ya korti, tutalipa, ila kwa masharti mawili. Kwanza, kampuni na msimamizi wake hawakiri kosa lolote. Pili, mlalamikaji asimwambie mtu yeyote, maisha yake yote, wala yaliyotokea wala yaliyokubaliwa. Phelista alipokea simu hiyo akiwa amesimama kibandani kwangu. "Hapana, madam," akasema. "Waambie hapana. Hajasema." Nilijivuna kama niliyemzaa.

Sasa nifike kwenye ng'ombe.

Mimi ni wa nyumba ya Kikuyu. Babu yangu ndiye aliyekuja kutafuta shamba huku Trans-Nzoia, na mambo ya watu wa Bungoma mengi nayajua kwa kuambiwa. Kwa hiyo Phelista alipokuja amejishika kichwa, akisema, "Mama Kui, wamepeleka ng'ombe nyumbani," nilidhani ni habari njema. Nikamuuliza kama anatoa maziwa. Aliniangalia kama mwendawazimu.

Ilikuwa hivi. Wazee watatu wa upande wa Mukhwana, pamoja na shangazi yake, walifika kwa baba yake Phelista, mzee Wepukhulu, wakiswaga mtamba mweusi mnono. Wakasema wamekuja kutengeneza urafiki. Hawakusema zaidi. Mzee alikuwa amesikia habari za kesi, na hasira ilikuwa imemnyima chakula. Alipomwona yule mtamba moyo wake ukatua. Kwake yeye, mtu aliyekosa huleta mnyama, na aliyeleta mnyama amekiri, yamekwisha, hakuna haja ya korti wala karatasi. Akaipokea kamba. Mkewe, Mama Nanyama, akachinja kuku. Wageni wakala, wakaomba, wakaenda zao. Mzee akampigia binti yake simu, analia kwa furaha.

"Amekubari makosa, mwanangu! Mtu hawezi kureta ng'ombe kama hajakosa."

Maskini mzee wa watu. Alifikiri amempatia binti yake kile kile alichokuwa akikitafuta. Kosa lake lilikuwa moja: hakuwalazimisha waseme ng'ombe ni wa nini. Phelista alinieleza kwamba ng'ombe wa kuomba msamaha hutajiwa kosa lake, kwa sauti, majirani wakisikia, kabla kamba haijashikwa. Asipotajiwa kosa, na walioleta wamekuja na shangazi, na wamechinjiwa kuku, na nyumba hiyo ina binti wa miaka thelathini na moja ambaye hajaolewa, basi majirani hawana haja ya kuuliza. Siku hiyo hiyo njia nzima ya kwenda sokoni Kimilili ilikuwa na neno moja: Phelista amelipiwa.

Hebu lisikilize neno hilo. Mtu aliyedhulumiwa akapewa haki yake, amelipwa. Msichana aliyetolewa mahari, amelipiwa. Ni herufi moja tu imeingia katikati, na huyo aliyekuraruria blauzi amekuwa mumeo.

Na Mukhwana alijua. Mtoto wa pale pale, anajua kamba ya ng'ombe inashikwaje. Nilimlaani siku hiyo kwa Kiswahili na kwa Kikuyu.

Phelista alikwenda kwao siku iliyofuata. "Papa, rudisha huyo ng'ombe," akamwambia baba yake.

Mzee alikuwa ameshaanza kusikia watu wanavyompongeza. "Nikimuweka, wewe ni bibi yake," akasema. "Nikimrudisha, watasema uriolewa na mmeachana. Mahari ikirudi ni ndoa imevunjika. Sasa nifanye nini, mwanangu? Niambie na mimi."

Aliyemjibu ni mama yake Phelista. Mama Nanyama hakuona mtego wowote. Alikuwa amengoja miaka mingi kusikia neno lile likisemwa kuhusu binti yake wa kwanza, na sasa lilikuwa likisemwa kila mahali.

"Mtu akikukosea, harafu akikuoa, hiyo makosa imeenda wapi?" akasema. "Si imeisha? Bibi wa piri si kufa."

Phelista aliniambia maneno hayo akiwa ameketi kwenye benchi langu la wateja, na akayarudia mara ya pili kama anayeyapima. Hakulia. Ningependa angelia.

Habari zikafika Kitale, zikafika mezani. Jentrix akaja kibandani amefura.

"Phelista, si ungetuambia," akasema. "Ati tufutwe kazi juu ya mambo yako na bwana yako?"

"Si bwana yangu, Jentrix. Wewe ulikuwako. Uliona."

"Niliona, ndio. Lakini umelipiwa, bana. Watu wenu wamekula kuku. Kumbe ulikuwa unatuweka mbele ndiyo mahari ipande?"

Nilitaka kumtoa mbio na mkasi, lakini nilipomtazama usoni nikaona hasemi uongo. Alikuwa ameumia kwelikweli. Aliamini alitumiwa. Kama si kujua yaliyotangulia, na mimi ningeamini. Wiki hiyo Jentrix na wenzake wakamwambia Chepkemei waondolewe kwenye kesi.

Wakili wa kampuni naye akabadilisha wimbo. Sasa yalikuwa mapenzi ya watu wazima, familia zimekwisha kukutana, kampuni inaingiaje? Chepkemei alituketisha akatueleza bila kuficha. Phelista anaweza kuendelea peke yake. Itakuwa neno lake dhidi ya neno la Mukhwana, itachukua miaka, na pengine atashindwa. Au akubali kile ambacho kampuni bado iko tayari kutoa, ambacho sasa kimepungua.

Wakati huo mzee Wepukhulu alikuwa amelazwa. Tumbo lilikuwa limeanza kumvimba. Alianzia hospitali ya misheni Lugulu, akapelekwa Bungoma kwa vipimo, na kila kipimo kilidai kingine. Phelista alikuwa anafua nguo za watu Matisi. Unaona mwenyewe ilivyokuwa.

Chepkemei alimsomea karatasi kwa Kiswahili, taratibu. Alipofika kwenye "bila kukiri kosa lolote," Phelista akamwomba arudie, akarudia.

"Na watu wa nyumbani?" Phelista akauliza. "Siwezi kuwaambia hii si ndoa?"

"Unaweza kusema hujaolewa. Huwezi kusema ng'ombe alikuja kwa nini. Ukisema, watakudai pesa yote, na watakushtaki."

"Sasa nani ataniamini?"

Chepkemei akamsogezea kalamu. Simlaumu, alikuwa amepigana vizuri. Phelista akatia sahihi, akauliza kama wamemaliza, tukashuka ngazi. Chini pale mtu alikuwa ananunua dawa ya kupe, na sisi tukangoja apite mlangoni.

Pesa yote ikawa dawa na vitanda vya hospitali. Mzee akafa hata hivyo. Siku za mwisho, Phelista alinieleza, alikuwa akimwomba msamaha kila alipoamka, hata usemi ulipomwisha alikuwa akimshika kidole kimoja na kukivuta. Alikufa akijua ni yeye aliyeipokea kamba.

Nilikwenda mazishini. Watu walikuwa wengi, hema zimejaa, wanawake wa mezani wamekuja na leso za aina moja kumfariji mwenzao, Jentrix akiwa mbele. Walikuwa wamemsamehe, wakiamini kuna kitu cha kusamehe. Ibada ilipokaribia kwisha, emsii aliyeongoza shughuli akashika kipaza sauti akasema wakwe wa boma hili wasimame waonekane. Wakasimama waume wawili wa wadogo zake Phelista. Kisha, nyuma yao, akasimama Hesbon Mukhwana, suti ya kijivu, wale wazee watatu wakimsindikiza.

Nilidhani macho yananidanganya. Watu wakapiga makofi madogo yanayofaa matanga. Emsii akampa kipaza sauti kama alivyowapa wengine, naye akazungumza. Wamama wa meza walikuwa hatua chache kutoka alipokuwa, wanamsikiliza.

"Mzee alikuwa baba kwangu," akasema kwa ile sauti yake. "Kuna watu walitaka kuleta maneno katikati yetu. Lakini mzee alinipokea. Alijua mimi ni mtu mzuri."

Phelista akainuka. Nilimwona, alikuwa ameketi na wadogo zake kando ya jeneza. Akafungua mdomo. Nikajiambia, sasa. Kisha macho yake yakatafuta yakanipata, na nikaona anachokiwaza kama ambavyo mngekiona nyinyi: pesa ya kurudisha imelala pale ndani ya jeneza, na wa kumwamini hayuko. Akaketi.

Nikainuka mimi. Sikujua nitasema nini, lakini nilikuwa nimeshainuka. Mama mmoja aliyeketi karibu nami akanivuta sketi. "Wewe ni wa wapi?" akauliza, wala si kwa ubaya. Mchungaji akaanza sala, watu wote wakasimama, na kusimama kwangu kukawa kama kwa kila mtu.

Baada ya kuzika, wakwe wakaandaliwa meza yao chini ya hema, kitambaa cheupe, kuku na wali. Mama Nanyama alikuwa amechoka, macho yamevimba, lakini alisimamia meza ile mwenyewe. Akaona mmoja hajahudumiwa.

"Nakhumicha," akamwita binti yake. "Mretee bwana yako maji anawe."

Jentrix alikuwa pale, na wamama wote wa meza, na mimi nikiwa nimeshika sahani nisiyoweza kula. Phelista alichukua birika na beseni. Akaenda akapiga goti mbele ya Mukhwana, kama inavyofanywa kwa mgeni mkubwa, na Mukhwana akanyoosha mikono yote miwili. Phelista akamimina maji, taratibu, bila kumwaga nje, mpaka Mukhwana akaridhika. Kisha akampa taulo.