Barua ya Maji Niliyoiandika Kisinema

Siku yangu ya kwanza kazini nilimtishia afisa wa maji kumuua. Kwa maandishi, na nakala mbili.

Wallahi sikukusudia. Shule niliachia darasa la sita, na kazi ya kuandikia watu barua nje ya ofisi ya maji, hapo mjini Elwak, ilitaka Kiingereza. Changu kilitoka ukumbi wa video. Nasikia sentensi tamu, naandika kwa daftari, narudia mpaka mkono unaizoea. Shida ni moja, hizo sinema zote zilikuwa za bunduki.

Akaja nyanya mmoja, Ayeyo Habiba, ndivyo Wasomali tunavyoita nyanya, kisima cha kwao kimekauka. Alimwombea afisa dua, akataja mababu zake mpaka wa saba, ndio akaomba lori moja la maji. Nikaona hiyo ni ndefu. Nikafuta dua, nikafuta mababu, nikaandika: una mpaka jua lizame, la sivyo utajuta kuzaliwa. Ayeyo akatia kidole gumba, akanishukuru.

Afisa aliniita ndani, akaisoma mbele ya makarani. Walicheka mpaka machozi. Na mimi nikacheka, huku namweleza kijiji gani, kiu ya siku ngapi.

"Nimekuelewa," akasema. "Lakini barua ya vitisho haiingii kwa faili. Lete ingine Jumatatu."

Ilikuwa Alhamisi. Lori lilisimama hapo nje, limejaa, dereva Abdi amelala chini yake. Lilipofika kijijini Jumatano iliyofuata, baada ya barua ya pili, Ayeyo hakuwa amebaki na mbuzi hata mmoja. Hapo ndipo naungua mpaka leo. Afisa alielewa, na bado akataka karatasi.

Nikaongeza vitabu. Nilikuwa na riwaya moja niliyoipenda, haina mwisho, kuna mtu alifungia sukari kwa kurasa zake za mwisho. Nasoma ukurasa, nafunga, nauandika kwa maneno yangu, halafu nalinganisha. Sinema sikuacha, ila watu wake niliwanyang'anya bunduki kwanza. Baadaye nikaajiriwa karani mjini Mandera, na mkuu wangu huko alilalamika barua zangu ni ndefu. Nikamwambia mababu wa watu sifuti tena.

Sasa nimestaafu, niko mtaa wa Iftin. Juzi nilimsimulia Abdi, yule dereva wa lori, yote haya, nikimlaani yule afisa vizuri kabisa. Abdi akamaliza chai yake kwanza.

"Warya, wewe bwana, ufunguo wa lori ulikuwa mfukoni mwangu," akasema. "Ulinipita mara mbili ukitafuta Kiingereza. Mbona hukuniamsha uniambie kwa Kisomali?"