Harusi Isiyo na Spika

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa pasi ya mkaa na rundo la vitambaa vya meza. Ulikuwa ukumbi wa sherehe hapa hapa Ifakara, si mbali na stendi, na mimi nilikuwa binti aliyemaliza shule bila kujua atashika kazi gani. Msimamizi wa Ukumbi, mwanamume mrefu aliyevaa koti hata kwenye joto la Desemba, alisimama nyuma yangu akiangalia ninavyonyoosha.

"Binti," akasema, "hapa hatuuzi chakula wala muziki. Tunauza siku isiyo na aibu. Kitambaa kikiwa na kunyanzi, mama wa bwana harusi atakikumbuka mpaka azeeke."

Nikavinyoosha vyote upya.

Vijana wa leo wanajiita waratibu wa sherehe. Sisi hatukuwa na jina, tulikuwa "wale wa ukumbini" tu. Niliosha masufuria, nikapanga viti, halafu nikawekwa chini ya Mpambaji Mkuu, mama mmoja wa Kiislamu ambaye wazazi wake walitoka pwani na kufungua duka la vitambaa sokoni. Yeye ndiye aliyenifundisha kuvuta satini kutoka katikati ya dari mpaka kutani ili chumba kidogo kionekane kikubwa, na kuiinua meza kuu, ile wanayokaa maharusi na wasimamizi wao, hata kama jukwaa lenyewe ni matofali yaliyofunikwa zulia. Kila tulipomaliza alinivuta mkono hadi nje. "Simama mlangoni uangalie kama mgeni," alisema. "Harusi ni ya mgeni, mwanangu. Maharusi wenyewe siku hiyo hawaoni kitu."

Mwenye ukumbi alipofungua tawi Malinyi, nilipelekwa huko. Masika barabara ilikuwa inakatika na mizigo ya Ifakara haifiki, kwa hiyo nilijifunza kutumia watu waliokuwepo. Mama muuza maandazi alioka keki kwenye sufuria lililofunikwa makaa juu na chini. Fundi baiskeli alichomelea matao ya chuma ya kuvika maua. Samaki walitoka kwa wavuvi tuliowawahi alfajiri. Niligundua kwamba mtu anayeishi mtaa mmoja na maharusi hafanyi kazi ovyo, maana kesho yake atakutana nao kisimani. Niliporudi Ifakara na kufungua ofisi yangu ya chumba kimoja, niliendelea hivyo hivyo: mafundi wadogo, mama lishe, watu ninaowajua kwa majina ya watoto wao.

Katika chumba hicho ndipo aliponijia Anitha.

Alikuwa fundi cherehani kutoka Sanje. Alipiga goti kidogo kuniamkia, bila sauti, na mdogo wake Jeni aliyeongozana naye akasema kwa niaba yake, "Shikamoo Mama Deo." Nyuma yao alisimama mchumba, Stivini, seremala mwenye karakana hapa mjini. Wote wawili, Anitha na Stivini, walikuwa viziwi. Waliongea kwa lugha ya alama, na Jeni akatafsiri.

"Dada anasema hawataki kamati," Jeni alianza. Kamati ndiyo inayokusanya michango na kuamua kila kitu, kwa hiyo nilijua tunaanza na jambo zito. "Hawataki ukumbi. Na hawataki spika hata moja."

"Muziki mdogo je?" nikauliza. "Wa chini chini, kwa ajili ya wazee?"

Anitha alikuwa anaangalia midomo yangu. Alijibu kwa haraka, na Jeni akacheka kabla ya kutafsiri. "Anasema mdogo au mkubwa, kwake ni sawa tu."

Kisha Anitha akaacha kutabasamu. Mikono yake ilikwenda taratibu, na Jeni akaifuata neno kwa neno. "Kwenye harusi ya dada yetu mkubwa nilikaa mbele kabisa. Emsii aliongea, watu wakacheka, wakapiga makofi, wengine wakalia. Kila nilipomuuliza jirani wamesema nini, aliniambia, nitakwambia baadaye. Baadaye yenyewe mpaka leo haijafika. Sitaki kukaa hivyo kwenye harusi yangu mwenyewe."

Nilikuwa nimefanya harusi nyingi, na zote nilizipanga nikiwa nimesimama mlangoni.

Shida ilikuwa Mofu, kwa baba yake Stivini. Mzee Benedikto alikuwa mkulima wa mpunga, mjane, na Stivini ndiye mtoto wake pekee. Alikwishaahidi ukoo mzima kwamba kutakuwa na bendi. Nilipokwenda kumweleza kwamba sherehe itakuwa uani kwa karakana ya Stivini, bila spika, hakunikaribisha hata kiti.

"Harusi bila muziki ni msiba," alisema. "Tangu homa ya utotoni ilipomharibia masikio, watu wananiambia namficha mtoto wangu. Leo nimwoze kimya kimya nyuma ya karakana? Mama, mimi huko siji."

"Mzee, ni wao wenyewe wanaotaka hivyo."

"Basi wafanye wenyewe."

Nilirudi na jibu hilo. Stivini alilipokea akiwa na randa mkononi, akaendelea kusawazisha mbao kwa muda. Kisha akaiweka chini, akamwita Jeni, akaeleza jambo refu. Jeni alimwomba arudie, kwa sababu hakuamini kama ameelewa vizuri.

"Shemeji anasema yeye anaijua ngoma ya baba yake."

"Anaijuaje?"

"Alipokuwa mdogo walikuwa wanalinda ndege pamoja shambani, juu ya dungu." Bonde zima linajua dungu, kile kichanja cha miti anachokalia mtu akiamia mpunga, ndege wasiule. "Baba yake alikuwa anapiga ngoma kufukuza ndege. Yeye alikuwa analala kifudifudi kwenye mbao. Anasema ngoma ilikuwa inamwingia tumboni. Kuna mapigo ya ndege, na kuna mapigo mengine baba alikuwa anapiga ndege wakishaondoka, ya kujifurahisha. Anayajua yote."

"Umewahi kumwambia mzee?" nilimuuliza Stivini.

Akatikisa kichwa. Wala baba hakuwahi kujifunza alama za kutosha kuambiwa jambo kama hilo.

Tukaenda Mofu wote wanne, pamoja na Anitha. Safari hii mzee alitupa mkeka, labda kwa sababu ya mkwe. Jeni alieleza. Mzee Benedikto alisikiliza akiwa ameinama, na nikadhani amekasirika. Stivini akasogea, akaigonga ardhi mbele ya baba yake kwa viganja: kwanza mapigo makali ya kufukuzia ndege, kisha yale mengine, ya polepole, yenye kuruka pigo moja na kurudi.

Mzee alimtazama mwanawe. "Yaani ulikuwa unaipata?" akauliza, na kwa mara ya kwanza alimuuliza yeye, si Jeni. "Mimi nilidhani najipigia mwenyewe kule juu."

Aliingia ndani akakaa huko kitambo, na alipotoka aliuliza harusi ni lini.

Kazi iliyofuata ndiyo niliyoipenda kuliko zote. Wenzake Stivini walijenga sakafu ya mbao iliyoinuka kidogo, yenye uwazi chini, uani kwa karakana. Sherehe tuliiweka mchana, kwa sababu giza likiingia watu wa alama hawaonani. Viti tulivipanga duara moja, pasipo meza kuu, ili kila mtu aione mikono ya mwenzake. Mama Shabani wa sokoni alipika wali wa hapa bondeni, wavuvi wa Mofu walileta perege, na ndizi zilitoka Sanje kwa majirani wa Anitha. Gauni alilishona mwenyewe, na hakuniruhusu nilione kabla.

Baada ya misa wageni walikaa kwenye duara, na wale wanaosikia walikuwa na wasiwasi, hawajui waanzie wapi. Rafiki wa Stivini, kiziwi naye, alisimama katikati akasimulia kwa alama jinsi bwana harusi alivyoomba namba ya simu ya bibi harusi. Nusu ya duara iliangua kicheko. Nusu nyingine ikageukiana.

"Amesema nini? Amesema nini huyo?" mjomba mmoja akauliza kwa sauti.

Jeni alikuwa bado anacheka. Anitha akampiga begani, akamwonyesha yule mjomba kwa kidole: mwambie. Sasa hivi. Jeni akasimulia yote tangu mwanzo, na kicheko cha pili kikapigwa na duara zima.

Ndipo Mzee Benedikto akapanda kwenye mbao na ngoma yake, akakaa. Maharusi walivua viatu. Alipoanza, nilimwona Anitha akishtuka na kutazama miguu yake, halafu akamtazama mumewe. Walicheza bila kukosea pigo. Wageni nao wakavua viatu, mmoja mmoja, wakapanda. Ngoma ilipokoma tuliinua mikono juu tukaitikisa, kama tulivyoelekezwa, maana ndiyo makofi yao. Mzee aliitazama mikono ile yote, kisha naye akaachia ngoma akainua yake.

Nimestaafu sasa, magoti hayaniruhusu kupanda ngazi na satini. Wanaoshika kazi hii wana simu zenye picha za mapambo ya dunia nzima, na wakija kuniuliza siwapi mapambo. Nawaambia wawaulize maharusi swali ambalo mimi nilianza kuuliza baada ya Anitha, kabla hata ya rangi: ninyi wenyewe, siku hiyo, mnataka mpate nini?

Maharusi wengi hucheka. Bwana harusi mmoja, kijana wa Malinyi, nikiwa bado kazini, hakucheka. Alifikiri sana, akasema angependa kula akiwa amekaa na bibi yake aliyemlea, ila anajua utaratibu wa meza kuu haukubali. Tulihamisha kiti kimoja tu. Bibi alikula kwa mkono wa kulia, na ule wa kushoto ulimshika mjukuu wake kwenye koti mpaka sahani zikaondolewa.